Kerosini ya Bangoka na msitu wa Isangi

Kutoka uwanja wa ndege wa Bangoka, Kisangani, hadi N'djili, Kinshasa, ni kilomita 1,225 hivi kwa mstari ulionyooka. Kwa mto ni zaidi ya 1,700, na anayepanda balenieri huaga nyumbani bila kujua atafika wiki gani. Ndege aina ya Boeing 737-800 huimaliza safari hiyo chini ya saa mbili, na inapotua Kinshasa imekwisha kuunguza takriban tani 5 za kerosini. Naanzia kwenye tani hizo 5 kwa makusudi. Mashirika ya ndege yanapozungumzia tabianchi huanzia kwingine: kwenye ahadi, kwenye picha za miti, kwenye mwaka 2050. Kerosini hutajwa mwishoni, ikitajwa.

Kilo moja ya kerosini ikiungua hutoa kilo 3.16 za hewa ukaa. Wasiozoea kemia hushangaa: kilo moja inazaaje tatu? Sehemu kubwa ya kerosini ni kaboni, na ndani ya injini kila atomu ya kaboni hushikana na atomu mbili za oksijeni, ambazo kwa pamoja zina uzito unaokaribia mara tatu ya ule wa kaboni yenyewe. Uzito ulioongezeka haukuwa ndani ya tangi, ulikuwa hewani. Hakuna fundi wala injini inayoweza kuikwepa hesabu hii. Anayejua lita zilizonunuliwa anajua na moshi uliotoka, na ndiyo maana wakaguzi wa kaboni wa usafiri wa anga huanza na risiti za mafuta.

Basi tani 5 za kerosini ni tani 15.8 za hewa ukaa. Tukichukulia ndege ina abiria 120, kila mmoja amebeba kilo 130 hivi, mbali na mizigo yake. Hapo sijagusa ile michirizi myeupe ambayo ndege huiacha angani inaporuka juu sana, ambayo nayo hunasa joto. Kwa dunia nzima, usafiri wa anga hutoa karibu asilimia 2.5 ya hewa ukaa itokanayo na shughuli za binadamu, na mchango wake katika kuongeza joto, michirizi ikihesabiwa, hukadiriwa kuwa asilimia 3.5. Sehemu ya Afrika nzima katika safari za anga duniani ni karibu asilimia 2.

Nisieleweke vibaya: siandiki kumwambia mtu wa mkoa wetu wa Tshopo aache kupanda ndege. Mtu wa Kisangani haruki kwa anasa. Barabara ya taifa namba 4 inayopitia Bafwasende, Nia-Nia na Mambasa kuelekea Bunia na Beni ina matope ya msimu wa mvua, na ina watu wenye silaha. Reli tuliyonayo ni ile ya kilomita 125 hadi Ubundu, iliyojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita ili kuyazunguka maporomoko ya Boyoma. Uwanja wa Goma, uliokuwa mlango wetu wa mashariki, ulifungwa Januari 2025 mji ulipotekwa. Mgonjwa anayehitaji kufika Kinshasa leo atapanda ndege, na hana deni la kuomba radhi kwa mtu yeyote huko Ulaya. Swali langu ni jingine: shirika la ndege linaposema limeufuta moshi wake kwa msaada wa msitu kama huu wetu, limefanya nini hasa?

Tuupige hesabu msitu wenyewe. Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Wannes Hubau, uliofuatilia miti katika viwanja 244 vya misitu ya Afrika isiyoguswa, kwenye nchi 11. Walikuta kwamba hadi mwaka 2015 hekta moja ya misitu hiyo ilikuwa ikihifadhi nyongeza ya tani 0.66 za kaboni kila mwaka, kiwango ambacho kwa jumla hakikuwa kimeshuka, wakati Amazon ilikuwa imekwisha kuanza kuchoka. Geuza kaboni hiyo kuwa hewa ukaa na utapata karibu tani 2.4 kwa hekta kwa mwaka. Safari moja ya kwenda Kinshasa, basi, ni sawa na kazi ya mwaka mzima ya hekta sita na nusu.

Tuendelee, kwa kuwa hesabu hii ina utamu wake. Ndege moja ikienda na kurudi kila siku kwa mwaka mzima itatoa tani 11,500 hivi. Hiyo ni kazi ya hekta 4,800. Kwenye makutano ya mito Lomami na Kongo, katika wilaya ya Isangi, kulianzishwa mradi wa kaboni wenye zaidi ya hekta 187,000. Zidisha kwa 2.4: karibu tani 450,000 kwa mwaka. Kwa karatasi, msitu wa Isangi peke yake ungeweza kuzilipia safari za Kisangani na Kinshasa karibu mara arobaini, na ukabaki na chenji ya kuwauzia wengine.

Hesabu hiyo haina kosa hata moja, na haina maana yoyote.

Msitu wa Isangi ulikuwa ukivuta hewa ukaa kabla ndege ya kwanza haijatua Stanleyville, jina la zamani la Kisangani. Uliivuta jana, utaivuta kesho, ndege iruke isiruke. Anga tunayoipumua tayari imekwisha kuihesabu kazi hiyo. Joto la dunia tulilonalo ni joto lililobaki baada ya msitu wa Kongo kufanya sehemu yake. Ndege inapotoa tani 15.8 leo, hizo ni tani mpya juu ya zote zilizokuwapo. Huwezi kuzifuta kwa kuonyesha kitu ambacho kilikuwa kikifanyika tayari, kama vile mdaiwa hawezi kulipa deni jipya kwa kuonyesha risiti ya deni la mwaka juzi.

Mtego huu ni mkubwa zaidi ukiingia kwenye ardhi ya mboji iliyo chini ya mabwawa ya bonde la kati, magharibi mwetu. Profesa Corneille Ewango wa Chuo Kikuu cha Kisangani ni miongoni mwa waliokwenda kuichoma vyuma na kuipima, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha ukubwa wa kilomita za mraba 167,600 na kaboni ya tani bilioni 29 hivi. Ikigeuzwa kuwa hewa ukaa ni zaidi ya tani bilioni 100. Ndege zote za dunia, kwa kiwango cha sasa cha karibu tani bilioni moja kwa mwaka, zingehitaji karne nzima kutoa kiasi hicho. Msomaji mwenye haraka atasema: basi tunaweza kuwauzia karne nzima! Hapana. Mboji ile ikikaushwa itatuangamiza. Ikibaki na maji haimpunguzii mtu yeyote moshi wake. Kuilinda ni lazima, na wanaoilinda wanastahili kulipwa. Lakini malipo ya ulinzi ni kitu kimoja na ruhusa ya kuchafua ni kitu kingine.

Wanaouza kredi za kaboni wanalijua hili, na hawauzi uvutaji wa kawaida wa msitu. Wanachouza ni tofauti: msitu uliobaki kwa sababu ya mradi, ambao bila mradi ungekatwa. Kredi moja ni tani moja ya hewa ukaa ambayo inadaiwa haikutoka. Huko Isangi mradi ulianzishwa na kampuni ya Kimarekani ya Jadora kwa kushirikiana na Safbois, kampuni ya mbao iliyokuwa na kibali cha ukataji katika eneo hilo. Hoja yake ilikuwa rahisi kufahamika: pasipo mradi, magogo yatatolewa, barabara za magogo zitafungua njia, wakulima watafuata na moto, na msitu utakwenda. Mradi ukiwepo, kampuni itaweka misumeno chini na wanavijiji watapata namna nyingine za kuishi.

Hoja hiyo inaweza kuwa kweli. Ugumu ni kwamba hakuna awezaye kuipima. Mnara wa mita 55 uliosimamishwa Yangambi mwaka 2020, kilomita mia hivi kuteremka na mto kutoka mjini, unaweza kutuambia msitu umevuta nini na kupumua nini saa hii, na ni wa kwanza wa aina yake katika bonde zima la Kongo. Setilaiti inaweza kutuonyesha mti uliodondoka. Lakini hakuna mnara wala setilaiti inayoweza kupima miti ambayo ingekatwa katika Isangi ambayo haikutokea. Kiasi hicho hukadiriwa, na mkadiriaji ndiye mwenye kuuza. Akiandika kwamba hali ingekuwa mbaya sana, anapata kredi nyingi. Akiandika kwamba ingekuwa mbaya kidogo, anapata chache. Mkaguzi hupitia maandishi, ni kweli, lakini mkaguzi naye hulipwa na mwenye mradi.

Januari 2023 magazeti ya The Guardian na Die Zeit, pamoja na kikundi cha waandishi cha SourceMaterial, yalidai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya kredi za misitu ya mvua zilizochunguzwa, zilizoidhinishwa na Verra, taasisi kubwa kuliko zote katika soko hilo, hazikuwakilisha upunguzaji wa kweli. Verra ilikataa na kusema mbinu iliyotumika haikufaa. Mabishano ya takwimu yameendelea, na mimi sioni haja ya kuapa kwa asilimia 90. Hata kama ni 50, shirika la ndege lililonunua tani mia limepata hamsini, na kerosini yake iliungua zote mia.

Kuna mambo mengine mawili ambayo kila mkazi wa Tshopo anayaelewa bila kufundishwa. La kwanza: kumzuia mtu kufyeka upande huu wa Lomami si kumzuia kufyeka upande wa pili. Utafiti wa picha za setilaiti uliochapishwa mwaka 2018 uligundua kwamba asilimia 84 ya uharibifu wa misitu ya bonde la Kongo kati ya 2000 na 2014 ilitokana na mashamba madogo ya jembe la mkono. Huyo ni mama anayelima muhogo na mpunga, si kampuni yenye makao Kinshasa. Tumbo lake halikubaliani na mipaka ya mradi. Na makaa yanayopikia ugali wa Kisangani hayatoki mwezini. La pili ni muda. Mradi wa kaboni una mkataba wa miaka ishirini, thelathini, pengine zaidi kidogo. Sehemu ya hewa ukaa iliyotoka kwenye injini itakuwa bado angani baada ya maelfu ya miaka. Msitu uliolindwa hadi mwaka 2040 kisha ukachomwa 2041 umeahirisha moshi tu. Kuahirisha kuna thamani yake, ila si thamani iliyoandikwa kwenye tiketi.

Na kredi hizo zilikuwa rahisi kweli. Februari 2020 shirika la Delta la Marekani lilitangaza dola bilioni moja kwa miaka kumi ili liwe shirika lisiloongeza kaboni. Kwa miezi ya mwaka huo iliyobaki kuanzia Machi lilisema limefidia tani milioni 13, kwa zaidi ya dola milioni 30. Gawanya mwenyewe: ni kama dola mbili na robo kwa tani. Kwa bei hiyo, kufuta safari ya abiria mmoja kutoka Bangoka hadi N'djili kungegharimu senti 30 za dola. Bei ya namna hiyo inapaswa kumshtua mtu. Kama ingewezekana kweli kuondoa madhara ya tani moja kwa dola mbili, tatizo la tabianchi lingekuwa limekwisha zamani, na wanavijiji wa Isangi wangekuwa na zahanati kila kilomita tano.

Mwaka 2022 Delta liliacha kununua fidia na kusema fedha zake zitaelekezwa kwenye mafuta mapya na ndege mpya. Mei 2023 lilishtakiwa California kwa kujiita shirika la kwanza duniani lisiloongeza kaboni. easyJet la Uingereza nalo liliachana na fidia mwaka 2022. Kisha, tarehe 20 Machi 2024, mahakama ya Amsterdam iliamua kwamba KLM liliwapotosha wateja: katika matangazo 19 yaliyoletwa mbele yake, 15 yalikutwa si halali, yakiwemo yaliyodokeza kwamba kupanda miti au kuchangia mafuta mbadala kunapunguza au kufidia athari za safari yako. Mwezi uliofuata Tume ya Ulaya, pamoja na mamlaka za kutetea walaji, iliyaandikia mashirika 20 ya ndege kuhusu madai ya aina hiyo hiyo.

Afrika Mashariki haikukaa pembeni. Kenya Airways lilianza mpango wa fidia kwa abiria mwaka 2011, na mradi uliochaguliwa ulikuwa wa ukanda wa Kasigau, nyuma ya Voi, nyika kavu isiyofanana hata kidogo na msitu wetu. Nalihesabu kuwa jaribio la nia njema la wakati ule. Kilichonivutia zaidi ni tarehe 25 Mei 2023, ndege yake ya Dreamliner iliporuka kutoka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa imechanganyiwa mafuta mbadala yaliyotengenezwa na kampuni ya Eni, mara ya kwanza kwa shirika la Afrika katika safari ndefu. Kiasi kilikuwa kidogo. Lakini kilikuwa ndani ya tangi, na kilicho ndani ya tangi kinapimika.

Mafuta mbadala yanastahili aya zake hapa Tshopo, kwa sababu kila yanapotajwa kuna mtu atakayenyoosha kidole kuelekea michikichi. Teknolojia inayotumika zaidi leo hugeuza mafuta ya kula, mapya au yaliyokaangiwa, kuwa mafuta ya ndege. Na sisi ndio wenye mawese. Yangambi ndiko ambako, mnamo miaka ya 1940, Beirnaert na Vanderweyen walieleza kwa mara ya kwanza jinsi mbegu ya tenera inavyopatikana kwa kuchanganya aina mbili za michikichi, dura na pisifera, na michikichi ya viwandani inayojaza Malaysia na Indonesia leo ni wajukuu wa ugunduzi ule. Lokutu, katika wilaya ya Basoko, ina mashamba makubwa tangu enzi za kampuni ya Lever. Kwa nini Bangoka isijazwe mafuta ya Lokutu?

Kwa sababu hesabu inakataa. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, yaani ICAO, hukadiria moshi wa mafuta kuanzia shambani hadi injini. Kerosini ya kawaida imepewa gramu 89 za hewa ukaa kwa kila megajuli ya nishati. Mafuta ya ndege yatokanayo na mawese, kinu kikiwa na mabwawa ya maji machafu yaliyo wazi, hufikia gramu 60 kwa uzalishaji, na huongezewa 39 nyingine kwa ajili ya misitu inayotarajiwa kufyekwa kwingine ili kuziba pengo la mafuta ya kula. Jumla ni 99. Yaani mawese ya kinu cha aina hiyo ni mabaya kuliko kerosini yenyewe. Mabwawa yakifunikwa na gesi yake ikakusanywa, jumla hushuka hadi 76 hivi. Umoja wa Ulaya, unaolazimisha asilimia 2 ya mafuta mbadala tangu 2025 na asilimia 6 kuanzia 2030, umeyafungia nje mafuta ya mazao ya chakula. Nami naunga mkono. Sufuria ya mama wa Kisangani haina nguvu ya kushindana kwa bei na tangi la ndege. Mbinu nyingine za kutumia mabaki ya mashamba na mbao zipo, lakini zina gharama kubwa, na mwaka 2024 mafuta mbadala yote duniani yalikuwa tani milioni moja hivi, asilimia 0.3 ya mafuta ya ndege yaliyotumika. Ndege za hidrojeni na za betri siziongelei. Hazitatua Bangoka katika umri wa mhariri wangu.

Hata mashirika tajiri yameona ugumu huo. Chama cha mashirika ya ndege, IATA, kiliahidi mwaka 2021 kufikia sifuri halisi ifikapo 2050, na kwenye ramani yake karibu theluthi mbili ya kazi imeachiwa mafuta hayo ambayo bado hayapo. Julai 2024 Air New Zealand liliiondoa shabaha yake ya 2030, likitaja ucheleweshaji wa ndege mpya na bei ya mafuta mbadala. Wengine walilicheka. Mimi niliona kwamba lilifungua daftari na kusoma kilichoandikwa.

Kati ya ahadi na sheria kuna mpango wa ICAO uitwao CORSIA, uliokubaliwa mwaka 2016. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia kwa hiari tangu mwanzo, 2021. Mpango huu hauyalazimishi mashirika kuchoma kidogo. Unachora mstari kwenye asilimia 85 ya moshi wa mwaka 2019. Kilicho juu ya mstari, kwa sekta nzima, hufidiwa kwa kredi. Kilicho chini hakilipiwi. Unahusu safari za kimataifa peke yake, na shirika linalotoa chini ya tani 10,000 kwa mwaka katika safari hizo limesamehewa, kama zilivyosamehewa ndege za misaada na za wagonjwa. Rudi kwenye ile ndege yetu ya kila siku: tani zake 11,500 zinavuka kiwango hicho, lakini kwa kuwa hazivuki mpaka wa nchi, CORSIA haizioni kabisa. Zinaangukia katika ahadi ya taifa chini ya Mkataba wa Paris, ambayo kwa toleo la 2021 ni kupunguza asilimia 21 ifikapo 2030, asilimia 19 kati ya hizo zikisubiri fedha za nje.

Hapa nyumbani, basi, upunguzaji wa kweli uko wapi? Uko kwenye injini, na kwenye mahali mafuta yanaponunuliwa. Tarehe 8 Julai 2011 Boeing 727 ya shirika la Hewa Bora ilianguka ikijaribu kutua Bangoka katika hali mbaya ya hewa, na watu zaidi ya 70 walikufa. Msiba ule ulizungumzwa kama suala la usalama, na ilikuwa haki. Lakini 727 ni ndege yenye injini tatu za kizazi cha miaka ya 1960, na umri wa ndege huonekana kwenye kerosini pia. Mashirika yote yenye leseni ya Kongo yamekatazwa kuruka kwenda Ulaya tangu 2006 kwa sababu za usimamizi wa usalama, na ndege kuukuu zilibaki kuzunguka humu humu ndani. Congo Airways ilipobadilisha oda yake mwaka 2020 ili ipate Embraer za kizazi kipya, oda ile haikuleta ndege. Air Congo, lililoanza kuruka Desemba 2024, serikali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian Airlines 49, limekuja na Boeing 737-800. Si teknolojia ya mwisho, ila ukiilinganisha na 727 ni hatua ambayo hakuna mradi wa miti ungeweza kuinunua.

Kuhusu mahali pa kununua mafuta, kuna jambo ambalo wasio marubani hawalijui. Kerosini inayofika Kisangani imepanda mto kwa mashua au imesafiri kwa lori kutoka mashariki, kwa hiyo ni ghali na wakati mwingine haipo. Shirika lenye busara ya fedha litajaza Kinshasa mafuta ya kwenda na ya kurudi. Lakini mafuta ni mzigo, na kuubeba mzigo kunakula mafuta: karibu asilimia 3 ya uzito wa ziada kwa kila saa ya safari. Ukibeba tani 6 za kurudia kwa saa mbili, umeunguza zaidi ya kilo 300 bila kumsogeza abiria hata mmoja, sawa na tani nzima ya hewa ukaa kwa safari. Maghala mazuri bandarini Kisangani na ugavi unaoaminika wa mto vingepunguza moshi huo kuanzia siku ya kwanza, bila kredi, bila mkaguzi kutoka ng'ambo. Sijawahi kuona tangazo la shirika la ndege lenye picha ya ghala la mafuta.

Kwa hiyo shirika linalotua Bangoka likitaka kuaminiwa, litoe kila mwaka namba tatu: lita zilizonunuliwa, abiria na mizigo iliyobebwa, na umri wa ndege zake. Msomaji wa kawaida ataweza kugawanya mwenyewe. Likitaka pia kuchangia Isangi au misitu ya jamii, ile ambayo sheria ya 2014 inaruhusu vijiji kumiliki hadi hekta 50,000, lichangie na lishukuriwe, lakini mchango huo uandikwe kwenye ukurasa wake na usitolewe kwenye lita.

Jambo hili litatufikia upesi kuliko wengi wanavyodhani. Mashirika ya kimataifa yana hadi tarehe 31 Januari 2028 kuwasilisha kredi za kipindi cha 2024 hadi 2026. Kredi zinazokubalika ni za upunguzaji uliofanyika tangu 2021, kwa hiyo zile kuukuu hazifai, na mashirika yatakuwa yakitafuta mpya. Za kwanza kuidhinishwa, mwaka 2024, zilitoka Guyana, nchi ya msitu kama sisi. Kila kredi ya namna hiyo lazima iwe na barua ya serikali inayosema: tani hii tumeiuza, hatutaihesabu tena kwenye ahadi yetu wenyewe. Kinshasa ikitia saini barua hiyo kwa ajili ya msitu wa Tshopo, ile asilimia 21 inakuwa ngumu zaidi kufikiwa, na gharama ya kuziba pengo itabaki hapa hapa. Nchi sasa ina mamlaka yake ya kusimamia soko la kaboni, na sheria inataka jamii zishauriwe. Mzee wa kijiji kando ya Lomami atakayeletewa karatasi ya kutia kidole gumba ana haki ya kuuliza mnunuzi ni nani, amenunua tani ngapi, kwa dola ngapi kila moja, na baada ya kununua ataunguza lita ngapi.